Kosa la tarakimu moja: hesabu inayolinda simu na kadi yako, lakini si numero unayotumia pesa

Chini ya mwavuli wa mtu anayetuma pesa, kosa la kidole kimoja linatosha. Mteja anataja numero ya ndugu yake, tarakimu mbili mbili, kwa Kifaransa kama ilivyo desturi. Mwenye kutuma anabonyeza. Pikipiki inapita na makelele yake, na tarakimu mbili zinabadilishana nafasi. Ujumbe unarudi: pesa zimefika. Lakini zimefika kwa mtu asiyejulikana.

Mjini Goma, ambako benki zilifunga milango Januari 2025, na Bukavu ambako zilifunga mwezi uliofuata, familia nyingi zimeishi kwa pesa za simu. Ada ya shule, dawa, chakula, vyote vinapita katika numero ya tarakimu kumi. Kwa hiyo swali hili si la wataalamu peke yao: kwa nini mashine ilikubali numero iliyokosewa bila kuuliza kitu?

Swali hilo lina upande wa pili ambao wengi hawaujui. Kosa lile lile likifanyika kwenye namba ya kadi ya benki, mashine inalikataa hapo hapo. Likifanyika kwenye namba ya kitambulisho cha simu yenyewe, ile inayoitwa IMEI, programu inaweza kulikamata bila kuuliza mtandao wowote. Tofauti iko katika hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa kalamu, na ambayo vijana wanaojifunza lugha ya programu ya Python hukutana nayo mapema: kupita juu ya orodha ya namba, na kubadilisha hesabu kwa zamu. Namba ya kwanza inafanyiwa hili, ya pili inafanyiwa lile, ya tatu inarudia la kwanza, hivyo hadi mwisho.

Jumla ya kawaida haioni

Tuseme mtu anataka kulinda namba isikosewe. Wazo la kwanza linalomjia ni kujumlisha tarakimu zote na kuandika jibu pembeni. Namba 2741 inatoa 2 na 7 na 4 na 1, yaani 14. Anayepokea namba hiyo anajumlisha tena. Akipata 14, anaamini kwamba namba ni sawa.

Ulinzi huo unafaa kidogo. Mtu akiandika 2751 badala ya 2741, jumla inakuwa 15 na kosa linaonekana. Lakini akiandika 2471, yaani 7 na 4 zimebadilishana nafasi, jumla inabaki 14. Kujumlisha hakujali nani alitangulia. Magunia matatu na mawili ni matano, na mawili na matatu ni matano pia.

Hapo ndipo penye shida, kwa sababu kubadilisha nafasi za tarakimu mbili jirani ni moja ya makosa ambayo watu hufanya sana wanaponakili namba. Jicho limesoma vizuri, kichwa kimeshika vizuri, lakini vidole vimefika kwa mpangilio mwingine. Hesabu inayotakiwa ni ile inayojua nafasi ya kila tarakimu.

Kupokezana kama michi kinuni

Dawa yake ni kupokezana. Mama wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja hawapigi pamoja: mchi wa mmoja unashuka, wa mwingine unapanda. Hesabu nayo inaweza kwenda hivyo. Tarakimu ya kwanza jumlisha, ya pili toa, ya tatu jumlisha, ya nne toa.

Tukirudi kwa 2741: 2, toa 7, jumlisha 4, toa 1. Jibu ni 2 chini ya sifuri. Sasa 2471: 2, toa 4, jumlisha 7, toa 1. Jibu ni 4. Majibu mawili tofauti, na kosa limeonekana. Tarakimu ni zile zile, lakini 7 iliyokuwa inatolewa sasa inajumlishwa.

Kupokezana huku kwa kujumlisha na kutoa ni jambo la zamani katika masomo ya hesabu. Ndiyo njia ya kujua kama namba inagawanyika kwa 11 bila kubaki. Kwa 2728 tunapata 2, toa 7, jumlisha 2, toa 8: jibu ni 11 chini ya sifuri. Kwa kuwa 11 inagawanyika kwa 11, na 2728 inagawanyika pia, mara 248 kamili. Sababu ni kwamba 10 ni 11 kasoro moja, 100 ni 99 na moja juu, 1000 ni 1001 kasoro moja, na kila hatua inapokezana hivyo hivyo. Zile 11, 99 na 1001 zote zinagawanyika kwa 11, kwa hiyo kinachobaki ni kasoro na ziada tu, zikipishana.

Mhandisi wa IBM na kifaa cha mkononi

Mtu aliyeifanya hesabu ya zamu iingie katika maisha ya kila siku alikuwa Hans Peter Luhn, mzaliwa wa Ujerumani mwaka 1896, aliyehamia Marekani na kuwa mhandisi wa kampuni ya IBM. Januari 1954 aliomba hati ya ubunifu, na akaipata Agosti 1960. Alichoomba kulindiwa hakikuwa programu, bali kifaa kidogo cha kushika mkononi cha kukagua namba. Karani angeweza kukitumia bila kufanya hesabu kichwani. Luhn alifariki mwaka 1964, kabla ya kuona njia yake ikikaa ndani ya kadi za benki na simu za dunia nzima.

Njia yake haitumii kujumlisha na kutoa. Inatumia kuacha na kuzidisha. Unaanza upande wa kulia wa namba. Tarakimu ya kwanza kutoka kulia unaizidisha kwa 2, inayofuata unaiacha ilivyo, ya tatu unaizidisha, ya nne unaiacha. Ikiwa kuzidisha kumetoa zaidi ya 9, unatoa 9. Halafu unajumlisha vyote. Tarakimu ya ukaguzi ni ile inayokosekana ili jumla ifike kwenye kumi inayofuata. Tarakimu hiyo inabandikwa mwishoni mwa namba na kuwa sehemu yake.

Kwa nini kutoa 9? Kama 5 ikizidishwa mara mbili inatoa 10, na mwisho wa hesabu tunaangalia tarakimu ya mwisho tu, basi 5 ingefanana na 0, na 6 ingefanana na 1. Baadhi ya makosa yangejificha. Kwa kutoa 9, tarakimu kumi kutoka 0 hadi 9 zinageuka kuwa 0, 2, 4, 6, 8, 1, 3, 5, 7 na 9. Zote kumi zimebaki tofauti, hakuna inayojificha nyuma ya nyingine. Kwa hiyo kosa lolote la tarakimu moja linakamatwa, bila kuacha hata moja.

Jaribio kwenye namba ya simu

Kila msomaji mwenye simu anaweza kulijaribu jambo hili leo. Ukibonyeza *#06# kama unayepiga simu, namba ya IMEI inatokea kwenye kioo. Ina tarakimu 15. Nane za kwanza zinaonyesha aina ya simu, sita zinazofuata ni za kifaa chenyewe, na ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi iliyopatikana kwa njia ya Luhn.

Chukua namba ambayo hutumiwa mara nyingi kama mfano wa kufundishia: 49015420323751, bado bila tarakimu ya mwisho. Kutoka kulia, zile zinazozidishwa ni 1, 7, 2, 0, 4, 1 na 9. Zinakuwa 2, 5, 4, 0, 8, 2 na 9, maana 7 imetoa 14 na 9 imetoa 18, kila moja ikapunguzwa 9. Jumla yake ni 30. Zinazoachwa ni 5, 3, 3, 2, 5, 0 na 4, jumla 22. Ukiweka pamoja ni 52. Ili kufika 60 inakosekana 8. Namba kamili ni 490154203237518.

Sasa badilisha tarakimu mbili za mwanzo, 94 badala ya 49. Ile 9 sasa inaachwa, na 4 inazidishwa kuwa 8. Jumla inapanda hadi 56, na tarakimu ya ukaguzi ingekuwa 4. Lakini namba inasema 8. Mashine inajua kuna kosa, bila kumpigia mtu yeyote simu.

Mistari kumi ya Python

Python ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Ni moja ya lugha za programu zinazofundishwa zaidi kwa wanaoanza, na haihitaji kompyuta kubwa: kuna programu za simu za Android zinazoiendesha, hivyo kijana anaweza kujifunza hata umeme ukikatika, mradi simu yake ina chaji. Hesabu yote iliyoelezwa hapo juu inaingia katika mistari kumi:

namba = "49015420323751"
jumla = 0
for zamu, t in enumerate(reversed(namba)):
    t = int(t)
    if zamu % 2 == 0:
        t = t * 2
        if t > 9:
            t = t - 9
    jumla = jumla + t
print((10 - jumla % 10) % 10)

Mstari wa tatu ndio moyo wa kazi. Neno reversed linageuza namba ili isomwe kutoka kulia. Neno enumerate linampa kila mmoja aliye katika orodha namba ya zamu yake, kama kadi za kusubiri hospitalini: wa kwanza 0, wa pili 1, wa tatu 2. Python huanza kuhesabu kwa sifuri. Alama ya % si asilimia hapa. Inamaanisha kinachobaki baada ya kugawanya. Zamu ikigawanywa kwa 2 ikabaki 0, tarakimu inazidishwa. Ikibaki 1, inaachwa. Ndiyo namna mashine inavyopokezana bila kuchoka, iwe orodha ina tarakimu kumi au milioni.

Mstari wa mwisho una % 10 mara mbili, na si kwa bahati. Kama jumla tayari inaishia na sifuri, kumi kutoa sifuri ni kumi, na kumi si tarakimu moja. Kuchukua tena kinachobaki baada ya kugawanya kwa 10 kunarudisha jibu sahihi, yaani 0. Anayesahau sehemu hiyo atakuwa na programu inayofanya vizuri mara tisa kati ya kumi, na hiyo ni hatari kuliko programu isiyofanya kazi kabisa.

Mahali wanaoanza wanapoteleza

Makosa ya hesabu hii yanajulikana, na kila moja lina fundisho.

La kwanza ni kuuliza swali kwa tarakimu badala ya kuuliza kwa nafasi yake. Mwanafunzi anaandika kwamba tarakimu ikigawanyika kwa mbili, izidishwe. Programu inakwenda bila kulalamika na inatoa jibu. Lakini sasa 4 inazidishwa popote ilipo na 9 inaachwa popote ilipo. Nafasi haina maana tena, na ulinzi umerudi kuwa ile jumla ya kawaida isiyoona tarakimu zilizobadilishana.

La pili ni kutafuta nafasi kwa kuiuliza orodha: tarakimu hii iko wapi? Python inajibu kwa kuonyesha mahali pa kwanza ilipoikuta. Katika namba ya mfano, 4 iko mwanzoni na tena katika nafasi ya sita. Ya mwanzoni inaachwa, ya nafasi ya sita inazidishwa. Lakini orodha itasema zote mbili ziko mwanzoni. Ni kama kuuliza nyumba ya mtu kwa jina tu katika mtaa ambao una watu wawili wenye jina moja.

La tatu ni kuhesabu kutoka kushoto. Kwa IMEI njia hiyo inafaulu, kwa sababu tarakimu za kukaguliwa ni 14 na zamu zinaangukia mahali pake ukianza kwa kuacha. Kwa kadi ya benki ya tarakimu 16, zinazokaguliwa ni 15, na zamu zote zinageuka: zilizopaswa kuzidishwa zinaachwa, zilizopaswa kuachwa zinazidishwa. Programu iliyojaribiwa kwa simu mia moja bila kosa itakataa kadi nzuri siku ya kwanza. Kuanza kulia kunaondoa tatizo hilo, maana mwisho wa namba haubadiliki hata urefu ukibadilika.

La nne linawapata wanaotumia swichi badala ya namba ya zamu. Wanaweka alama ya kweli, na baada ya kila tarakimu wanaigeuza kuwa si kweli, kisha kweli tena. Njia ni nzuri, lakini alama hiyo lazima irudishwe mwanzo kabla ya namba mpya. Ikiachwa, namba za tarakimu 14 hazitaonyesha kosa, kwa sababu swichi iliyogeuzwa mara 14 imerudi ilipoanza. Ikiingia namba moja tu ya tarakimu 15, zinazofuata zitakaguliwa kinyume.

La tano ni dogo lakini linashangaza. Kinachoandikwa kwa kibodi Python hukichukua kama maandishi, si hesabu. Maandishi "7" yakizidishwa mara mbili hayatoi 14. Yanatoa "77". Ndiyo maana mstari wa nne upo: neno int linageuza maandishi kuwa namba. Lakini namba nzima lazima ihifadhiwe kama maandishi, kwa sababu ikihifadhiwa kama hesabu, sifuri zilizo mwanzoni zinapotea, na numero zote za simu za Kongo huanza kwa sifuri zinapopigwa ndani ya nchi.

Kitabu, sabuni na maziwa ya unga

Njia ya Luhn si pekee. Mistari myeusi kwenye kopo la maziwa ya unga au kipande cha sabuni kutoka kiwandani, yenye tarakimu 13 chini yake, inalindwa na hesabu nyingine ya zamu: tarakimu moja inaachwa, inayofuata inazidishwa kwa 3. Tangu mwaka 2007 namba ya kimataifa ya vitabu, ISBN, nayo ina tarakimu 13 na inafuata kanuni hiyo hiyo. Hapa hakuna haja ya kutoa 9, kwa sababu kuzidisha kwa 3 hakufananishi tarakimu mbili mwishoni: 0, 3, 6, 9, 2, 5, 8, 1, 4, 7, zote ni tofauti.

Lakini kanuni ya 3 ina tundu. Tarakimu mbili jirani zikitofautiana kwa 5, kama 1 na 6 au 2 na 7, zinaweza kubadilishana bila kuonekana. Luhn ana tundu dogo zaidi: 09 ikigeuka 90, au 90 ikigeuka 09, hesabu yake haioni. Kati ya namna 90 ambazo tarakimu mbili tofauti zinaweza kukaa jirani, Luhn anakamata 88 zikigeuzwa. Mwaka 1969 Mholanzi Jacobus Verhoeff alionyesha njia inayokamata zote, lakini inahitaji majedwali na haifanyiki kirahisi kwa kalamu. Ulimwengu wa biashara ulibaki na njia nyepesi zaidi.

Kisicholindwa

Kuna jambo ambalo mnunuzi wa simu sokoni anapaswa kulielewa. Tarakimu ya ukaguzi inakamata kosa, haikamati mwizi. Mtu anayejua kanuni hii anaweza kutengeneza IMEI ya uongo inayopita ukaguzi, na namba ya simu nzuri inaweza kunakiliwa kwenye simu nyingine. IMEI inayoshindwa ukaguzi ina kasoro kwa hakika. Inayofaulu imeonyesha tu kwamba haikukosewa kuandikwa. Kwa hiyo mnunuzi alinganishe namba inayotokea kwa *#06# na ile iliyo kwenye boksi, na asiridhike na jibu la programu peke yake.

Wakongomani walilisikia sana neno IMEI mwaka 2020, wakati mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano, ARPTC, ilipoanzisha daftari la vifaa vya simu lililojulikana kama RAM. Wenye simu walikatwa uniti, malalamiko yakaenea nchi nzima, na tozo hiyo ikaondolewa mwaka 2022. Mjadala ulikuwa juu ya pesa. Namna namba yenyewe ilivyojengwa haikuzungumzwa sana.

Na numero ya kutumia pesa? Hiyo haina tarakimu ya ukaguzi hata kidogo, si Kongo tu bali duniani kote. Numero za simu ziligawiwa ili zipigwe, si ili zibebe pesa. Aliyekosea kupiga simu aliomba msamaha na kukata, hasara ilikuwa sekunde chache. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha mtandao, na saba za mwisho zinamtambulisha mtu. Kila moja ya hizo saba ikikosewa inaweza kuwa moja ya tarakimu tisa nyingine. Hiyo inamaanisha kila numero ina jirani 63 zilizo umbali wa kosa moja tu la kidole, na yoyote kati yake inaweza kuwa na mwenyewe.

Kuongeza tarakimu ya ukaguzi kwenye numero za nchi nzima sasa kungekuwa kazi kubwa, maana numero iko kichwani mwa watu, kwenye kuta za maduka na kwenye madaftari. Ulinzi unaobaki ni wa binadamu. Pale ambapo huduma inaonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, jina hilo ndilo tarakimu ya ukaguzi: lisomwe kwa sauti kabla ya kuweka namba ya siri. Pale ambapo haionyeshi, kiasi kidogo kitangulie, mpokeaji athibitishe, ndipo kilichobaki kifuate. Na numero iliyotajwa kwa mdomo irudiwe na aliyeiandika, si na aliyeitaja.

Namba za kikundi

Mahali ambapo hesabu ya zamu inaweza kusaidia mara moja ni pale watu wanapojitengenezea namba zao wenyewe. Ushirika wa wakulima wa kahawa unaopima magunia ya wanachama, kikundi cha akiba, shule inayoandikisha wanafunzi, zahanati inayofungua kadi za wagonjwa: wote hutoa namba, na mara nyingi huzitoa kwa kufuatana, 2740, 2741, 2742. Kosa moja la karani na kilo za mkulima mmoja zinaingia kwenye ukurasa wa mwingine, ambaye namba yake ipo na inakubalika. Kosa hilo huonekana siku ya malipo, wakati maneno yameshakuwa makali.

Kwa mwanachama 2741, hesabu ya Luhn inakwenda hivi: kutoka kulia, 1 inakuwa 2, 4 inaachwa, 7 inakuwa 14 kisha 5, na 2 inaachwa. Jumla ni 13, inakosekana 7 ili kufika 20. Namba yake kwenye kadi inakuwa 27417. Karani akiandika 24717, programu inahesabu na kupata kwamba mwisho ulipaswa kuwa 1, si 7. Inakataa, na mkulima bado yuko mbele ya mizani, gunia lake bado liko chini. Anaulizwa tena namba yake, na jambo linaisha kwa sekunde kumi.

Hakuna mtandao unaohitajika, wala leseni ya kulipia. Mistari kumi inatosha, na mahali ambapo hakuna hata simu, karatasi na kalamu zinatosha pia. Kinachohitajika ni uamuzi wa kufanya hivyo kabla ya kuchapisha kadi ya kwanza, kwa sababu namba ikishatoka mikononi mwa watu, kama numero za simu zinavyoonyesha, kuirudisha ni vigumu.